Kulala Dunguni: Ulinzi wa Shamba na Ulinzi wa Roho

Kuna watu ambao kulala nje ni starehe kwao. Hutoka nchi za mbali, wakalipa fedha nyingi, wakalala katika mahema kando ya mto Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ili wapate kusikia simba akinguruma usiku. Wala hatuwalaumu, maana hema zao zina walinzi, na asubuhi wana gari la kuwarudisha.

Lakini nje ya hifadhi hiyo, katika bonde la mto Matandu, wako ndugu zetu wa Njinjo, wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Nao hulala nje kila mwaka, si kwa siku mbili au tatu, bali kwa wiki na pengine miezi. Hawaendi kumsikiliza simba. Waenda kulinda mahindi, mpunga, mtama na ufuta, yaani chakula cha mwaka mzima na karo za watoto. Tumeona yafaa kuizungumza habari hii katika kurasa zetu, kwa kuwa ni jambo la nyumba na aila, na kwa kuwa yako mambo ambayo wataalamu wameyagundua katika miaka hii ya karibuni, nayo hayajafika katika nyumba zote ambazo zingefaidika nayo.

DUNGU NI NINI

Msomaji aliyezaliwa mjini huenda hajapata kuliona dungu. Ni ulingo uliojengwa juu ya nguzo, sakafu yake ni fito zilizofungwa kwa kamba, paa lake ni nyasi au makuti, na mtu hupanda kwa ngazi. Mchana watoto hukaa humo kuamia ndege na kufukuza ngedere na nyani, kwa kombeo na kwa kelele. Usiku kazi huwa ya watu wazima, maana wajao usiku ni nguruwe mwitu, na mahali pengine kiboko na tembo. Silaha za mlinzi ni debe la kupiga, sauti yake, tochi na moto. Wako wasiojenga dungu la juu, bali kibanda cha chini chenye kuta za nyasi, wakalala humo na watoto wao.

Yafaa tuseme mapema kwamba mambo hayo mawili si sawa. Dungu lililoinuliwa vizuri humpa mtu nafasi ya kuona mbali, tena humweka juu ya njia ya mnyama. Kibanda cha nyasi kilichojengwa chini hakimzuii mnyama yeyote mwenye njaa. Humzuia jirani tu asione ndani.

KWA NINI MTU ALALE SHAMBANI

Mtu aweza kuuliza: kwa nini wasilime karibu na nyumba zao, wakalala vitandani mwao? Jibu la swali hili limo katika historia ya nchi yenyewe.

Vita vya Maji Maji vilipoanza mwezi wa Julai mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, kaskazini ya Njinjo, jeshi la Wadachi lilijibu kwa kuchoma vijiji na kuharibu vyakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Mashamba yakaota msitu, na palipokuwa na watu pakawa na wanyama. Hata kabla ya vita hivyo, mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoitoa mwaka 1997 juu ya Uzaramo, ameonyesha jinsi amri za Wadachi za kuzuia uwindaji wa wenyeji zilivyowaacha nguruwe mwitu wakazidi, na jinsi taabu ya kulinda mashamba ilivyowaelemea wanawake, maana wanaume walikuwa wamechukuliwa kazini.

Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wangindo wengi wa Liwale kutoka katika nchi yao ya magharibi, kwa kisa cha ugonjwa wa malale, na pori la wanyama la Selous likapanuliwa. Kisha, baina ya mwaka 1973 na 1976, serikali ya Tanzania ikawakusanya watu wa mashambani katika vijiji vya ujamaa. Faida yake ilikuwa shule, zahanati na maji. Lakini ardhi nzuri ya kulima haikuhama pamoja na watu. Mkulima akawa na nyumba mahali pamoja na shamba mahali pengine, pengine mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu. Basi usiku ukimkuta shambani, hulala huko huko.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori la Selous ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanyama hawajui mipaka iliyoandikwa katika karatasi. Mahindi mabichi yana harufu tamu kwao, na usiku ni mrefu.

NGURUWE NA SIMBA

Sasa twaja kwenye jambo kubwa la makala hii. Mwaka 2005, Bwana Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, pamoja na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walitoa katika jarida la sayansi liitwalo Nature hesabu ya watu walioshambuliwa na simba katika Tanzania tangu mwaka 1990. Waliouawa walikuwa zaidi ya 563, na waliojeruhiwa walikuwa 308 au zaidi. Sehemu kubwa ya misiba hiyo ilitokea katika wilaya za kusini na za pwani, si huko kaskazini wanakokwenda watalii wengi.

Wataalamu hao walitafuta sababu, wakaona kwamba mashambulio huzidi katika miezi ya mavuno, kuanzia Machi hata Mei, tena huzidi mahali palipo na nguruwe mwitu wengi na wanyama wengine wachache. Mnyororo wake ni huu. Nguruwe huja kula mazao. Mkulima hulala shambani ili amfukuze nguruwe. Simba, ambaye hapati tena pofu na nyumbu karibu na vijiji, humfuata nguruwe. Afikapo shambani amkuta nguruwe, na karibu yake amkuta binadamu amelala katika kibanda cha nyasi. Kwa hiyo mtu aliyetoka nyumbani kulinda chakula chake amejiweka baina ya nguruwe na simba.

Jirani zetu wa Rufiji waliona msiba huu kwa macho. Baina ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja alihesabiwa kuwa ameua watu 35 au zaidi. Alipouawa mwezi wa Aprili 2004, alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lake moja. Wako waliosema kuwa maumivu ya jino ndiyo yaliyomfanya atafute windo laini, na huenda ikawa kweli kwa huyo. Walakini simba wengi wala-watu waliouawa katika nchi hii walikuwa wazima. Kwa hiyo tusingoje simba mgonjwa ndipo tuchukue hadhari.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi Waislamu hasa. Nyama ya nguruwe ni haramu kwetu, na kwa sababu hiyo mwindaji wa Kiislamu hapati faida yoyote kwa kumwinda, naye nguruwe huzaa na kuzidi. Lakini kilichoharimishwa ni kumla. Kumfukuza na kumzuia asiharibu mazao ni kulinda mali, na kulinda mali ni jambo jema. Mtu asiache kuchimba mtaro wa kumzuia nguruwe kwa kudhani kuwa si vyema kujishughulisha na habari zake.

MWEZI NA GIZA LA JIONI

Mwaka 2011 Bwana Packer na wenzake walitoa uchunguzi mwingine. Walichukua habari za watu zaidi ya 1,000 walioshambuliwa na simba nchini baina ya mwaka 1988 na 2009, wakazilinganisha na siku za mwezi wa angani. Wakagundua kwamba simba huwa hatari zaidi wakati wa giza, na kwamba mashambulio mengi ya usiku hutokea tangu jua lichwapo mpaka saa nne ya usiku, kwa kuwa hapo ndipo watu wangali wanatembea. Na siku zilizozidi nyingine kwa hatari ni zile zinazofuata mwezi mpevu.

Kwa nini iwe hivyo? Yeyote afuatishaye miandamo aweza kufahamu mara moja. Usiku wa 14 na wa 15, mwezi huchomoza karibu na wakati wa kuchwa jua, na usiku wote huwa mweupe. Baada ya hapo mwezi huchelewa kila usiku kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hesabu ya kukadiria, usiku wa 17 huchomoza karibu na saa mbili, usiku wa 18 karibu na saa tatu, na usiku wa 20 umekwisha pita saa nne. Basi baina ya magharibi na kuchomoza kwa mwezi pana giza tupu, na giza hilo huangukia saa zile zile ambazo watu wanapika, wanachota maji, na wanatembeleana kutoka dungu hata dungu. Tena simba, aliyekosa windo katika usiku mweupe, ana njaa.

Twaona kwamba hapa nyumba ya Kiislamu ina faida ambayo wengine hawana. Kalenda yetu ni ya mwezi. Mwenye kufunga siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, hana haja ya kufunzwa na mtu lini mwezi utapevuka. Siku hizo zikiisha, na ajue kuwa jioni za giza zimeingia, nazo zitaendelea mpaka mwezi mpya upate nguvu ya kuangaza jioni. Kijana apewe habari hiyo pamoja na tarehe: leo ni 16, mtu asishuke dunguni baada ya jua kuchwa.

Ama kwa Ramadhani, hadhari izidi. Tangu mwaka 2021 hata 2024, mwezi wa Ramadhani uliangukia baina ya Machi na Mei, ndiyo miezi ya mavuno katika kusini. Kwa kuwa mwaka wetu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, Ramadhani huondoka katika msimu huo na kurudi baada ya miaka kama 33. Watakaokuwa hai wakati huo wakumbuke: katika nusu ya pili ya Ramadhani, saa ya kufuturu na saa ya kurudi kutoka tarawehe ni saa za giza. Watu waende kwa kundi na kwa taa, na watoto wasiachwe nyuma. Katika nusu ya kwanza huwa kinyume chake, maana jioni kuna mwanga, lakini mwezi hutua kabla ya alfajiri, na aamkaye kula daku huikuta dunia imefunikwa na giza.

ADABU ZA KULALA NJE

Mafundisho ya dini yetu hayakuliacha jambo hili. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alimwonya mtu alalaye juu ya dari isiyokuwa na kizuizi pembeni. Dungu lisilo na ukingo lina hatari ile ile. Mtoto agaagaye usingizini huanguka. Imepokewa na Bukhari kwamba alikataza kusafiri usiku peke yako, na katika mapokezi ya Ahmad kwamba alikataza mtu kulala peke yake. Basi mlinzi mmoja katika shamba la mbali si ushujaa. Wawe wawili, walale kwa zamu.

Kadhalika Bukhari na Muslim wamepokea amri ya kuzima moto kabla ya kulala. Mtu wa Njinjo atasema: nikizima moto, nitamfukuza vipi mnyama? Njia ya kuyapatanisha haya ipo. Moto usiwashwe chini ya dungu lenyewe, maana fito na makuti hushika upesi kuliko mtu awezavyo kushuka. Uwashwe mbali kidogo, mahali palipofyekwa, nao uwe na mtu aliye macho. Katika usingizi wa wote, moto usio na mchungaji ni adui wa pili. Wala mtu asiuamini moto peke yake, kwa kuwa simba wala-watu wamepata kuwatoa watu ndani ya nyumba, sikwambii kando ya moto.

Sala ya isha ina saa yake, nayo huangukia katika giza tulilolitaja. Basi maji ya udhu na yapandishwe dunguni kabla ya magharibi, pamoja na maji ya kunywa na chombo cha haja ya usiku kwa watoto. Kibla cha Njinjo kinajulikana kwa urahisi: Makka iko karibu kaskazini kamili ya mahali hapo. Mchana kapigwe alama juu ya nguzo ya dungu, ili usiku mtu asihitaji kushuka kutafuta upande.

Chandarua pia ni ulinzi. Mbu wa malaria huuma usiku, na dungu halina kuta. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 juu ya wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero, wanaohamia mashambani kila msimu, ulionyesha kuwa karibu wote walilala katika vyandarua huko shambani. Wakulima hao wametuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Nyumba yenye chandarua kimoja tu na watu wa mahali pawili na itafute cha pili kabla ya msimu, kwa maana mtoto mwenye homa katika shamba la mbali humfikia mganga akiwa amechelewa.

Na wakaao karibu na mto watazame mawingu ya bara pamoja na ya kwao. Mvua ikinyesha Liwale, maji yake hushuka na Matandu. Mafuriko ya Januari 2020 katika mkoa wa Lindi yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Mchanga wa kingo za mto ni mzuri kwa kulima, lakini si mahali pa kulaza watoto katika miezi ya mvua kubwa.

KUPUNGUZA SIKU ZA KULALA NJE

Pamoja na hayo yote, hadhari iliyo bora ni kuzipunguza siku zenyewe za kulala nje. Wataalamu waliochunguza habari za simba wameshauri mashamba yazungushiwe mitaro yenye kingo zilizosimama wima, ili nguruwe wasivuke. Ni kazi nzito kwa mtu mmoja, lakini mashamba kumi yaliyopakana yaweza kuzungukwa na mtaro mmoja, na watu wa kusini hawakufundishwa leo kufanya kazi kwa ujima. Zaidi ya hayo, mashamba yaliyopakana hulindwa na walinzi wachache kuliko mashamba yaliyotawanyika msituni.

Kwa tembo, wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo katika Kenya, wamejaribu ua wa mizinga ya nyuki, uliobuniwa na Bibi Lucy King. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Katika uchunguzi wa miaka mingi, takriban tembo watatu katika kila wanne waliokaribia walirudi. Asali nayo ni pato la nyumba. Nchi ya Kilwa na Liwale ina watu wanaojua kurina asali tangu zamani, basi jambo hili si geni la kuogopwa.

Tena kuna haki ya mkulima. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78, imetajwa hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman, amani iwe juu yao, katika shamba lililoingiliwa usiku na kondoo wa watu. Wanazuoni wengi, kwa kufuata hukumu ya Mtume iliyopokewa na Imam Malik, wamesema kuwa mchana mwenye shamba hulinda shamba lake, na usiku mwenye mifugo hulinda mifugo yake. Hukumu hiyo yawafaa wafugaji na wakulima wanaokaa pamoja leo katika wilaya ya Kilwa, na wazee wa pande zote mbili wangeanzia hapo wasingefika katika mapanga.

Nguruwe na tembo hawana mchungaji. Lakini serikali ndiyo mwangalizi wa wanyama wa porini, nayo kwa kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, imeweka malipo yaitwayo kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, na kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama waliotajwa kuwa ni wa hatari. Malipo hayo hayalingani na hasara, wala hayamrudishi aliyekufa. Hata hivyo ni haki, na mwenye haki asiinyamazie. Habari ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wanyamapori upesi, wakati nyayo zingali zaonekana na mabua yangali yamelala.

Mwisho twawaambia wazazi neno moja juu ya watoto. Msimu ukifika, wako watoto wanaochukuliwa shambani wakakosa shule, na wako wanaoachwa kijijini peke yao, mkubwa akimlea mdogo. Yote mawili yana madhara. Nyumba tatu au nne zaweza kupatana: mama mmoja abaki kijijini na watoto wote kwa wiki yake, wengine wakiwa shambani, kisha wapokezane. Mpunga wa nyumba hizo utalindwa, na watoto watalala mahali penye mlango. Mwenyezi Mungu awahifadhi wote walalao nje msimu huu, awarudishe majumbani kwao na mavuno yao.